Colour au color: mizizi ya ugomvi wa Kiingereza mtandaoni

Kamusi kubwa kuliko zote ya Kiingereza cha Uingereza ni ile ya Oxford, na ndani yake neno "organize" limeandikwa kwa z. "Realize" vivyo hivyo. Hata hivyo haipiti siku mtandaoni bila mtu kukaripiwa kwa kuandika z hiyo: hicho ni Kiingereza cha Wamarekani, andika kwa s kama ulivyofundishwa shuleni. Anayekosolewa anajitetea, wa tatu anaingilia, maneno makali yanafuata, na mada yenyewe, iwe bei ya mbolea au matokeo ya mechi ya jana, inasahaulika kabisa.

Ugomvi huu unaonekana mdogo, lakini unaumiza watu, hasa wale ambao Kiingereza kwao ni lugha ya pili au ya tatu. Na ukiufuatilia kwa makini utaona kwamba wagomvi wanachanganya mambo matatu yasiyo na uhusiano. Kuna tofauti za nchi na nchi, ambapo pande zote ziko sahihi. Kuna kanuni zilizotungwa na watu wachache karne mbili tatu zilizopita, kisha zikavikwa joho la sheria. Na kuna makosa ya kweli. Anayeyachukulia yote kuwa kitu kimoja hawezi kumsahihisha mwenzake kwa haki, hata kama nia yake ni njema.

Tuanze na hiyo z. Kiambishi chenyewe, yaani -ize au -ise mwishoni mwa neno, kilitoka Kigiriki, ambako kiliandikwa kwa herufi zeta, kikapitia Kilatini hadi Kifaransa, na ni Wafaransa walioshika s. Kiingereza kilirithi maneno hayo kwa njia zote mbili, na kwa karne kadhaa Waingereza wameandika z na s sambamba. Magazeti na shule za Uingereza ziliegemea s zaidi katika karne ya 20. Wachapishaji wa Oxford walibaki na z kwa hoja kwamba ndiyo asili. Umoja wa Mataifa nao hutumia tahajia ya Uingereza pamoja na z hiyo, ndiyo maana jina rasmi la Shirika la Afya Duniani kwa Kiingereza ni World Health Organization. Lakini z haiingii kila mahali. "Advertise", "surprise" na "exercise" huandikwa kwa s pande zote mbili za bahari, maana mwisho wake si kile kiambishi cha Kigiriki. Na "analyse", ambalo Mmarekani hulitia z, hata Oxford hulitia s. Kwa hiyo anayedai kwamba s ni Uingereza na z ni Marekani amekariri nusu ya habari.

Mkanganyiko wa namna hii una sababu ya kihistoria. Kiingereza hakijawahi kuwa na chombo cha kukisemea. Wafaransa wana Akademia yao tangu 1635. Kiswahili Sanifu nacho kina tarehe zake: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikubali lahaja ya Unguja iwe msingi, Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na Tanzania ikaanzisha BAKITA mwaka 1967. Wenye Kimvita, lahaja ya Mombasa, pamoja na urithi wao mkubwa wa ushairi, hawakuridhika na uamuzi ule, na manung'uniko hayajaisha mpaka leo. Lakini angalau mwenye kulalamika anajua pa kupeleka malalamiko yake. Kwenye Kiingereza hakuna mlango wa kubisha.

Na ugomvi wenyewe ni wa zamani kuliko mtandao. William Caxton, aliyepeleka mtambo wa kwanza wa uchapaji Uingereza mwaka 1476, alieleza kisa kimoja katika dibaji ya kitabu alichokichapa mwaka 1490. Wafanyabiashara walikuwa wakishuka mto Thames kwa merikebu wakielekea Zeeland. Upepo ukakata, wakateremka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja akaenda kwenye nyumba akaomba "egges", yaani mayai. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule mfanyabiashara akakasirika, kwa sababu na yeye hakujua neno hata moja la Kifaransa; alikuwa akisema Kiingereza cha kwao. Mwenzake akaingilia akasema wanataka "eyren", hapo mama akaelewa. Maneno yote mawili yalikuwa Kiingereza, moja la watu wa kaskazini lenye asili ya Skandinavia, jingine la kusini. Caxton akauliza mtu aandike lipi siku hizi. Swali hilo ndilo linaloulizwa leo, ila sasa watu wako nyuma ya simu.

Caxton na wachapaji waliomfuata ndio waliosaidia kugandisha tahajia, tena wakati mbaya, kwa sababu matamshi ya irabu za Kiingereza yalikuwa bado yanahama. Maandishi yakasimama, ulimi ukaendelea na safari. Ndiyo maana herufi na sauti za lugha hii hazikubaliani, jambo linalomsumbua kila mtoto wetu anayejifunza kuandika "knight" na "through" baada ya kuzoea Kiswahili, ambacho kinasomeka kama kilivyoandikwa.

Samuel Johnson alipotoa kamusi yake London mwaka 1755, kazi yake kubwa upande wa tahajia ilikuwa kuchagua kati ya maumbo yaliyokuwa yakitumika. "Honour" na "honor" yote yamo katika mkusanyiko wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa mwaka 1623. Johnson alipendelea -our. Lakini aliandika pia "errour", "horrour", "emperour" na "musick", na Waingereza wenyewe wakayaacha maumbo hayo baadaye bila kushurutishwa na Mmarekani yeyote. Anayesema Wamarekani waliinyofoa u kutoka kwenye Kiingereza safi ajiulize kwanza ni nani aliyeinyofoa kwenye "errour".

Upande wa Marekani mtu mkubwa ni Noah Webster, mwalimu wa Connecticut, na nadhani hakuna awezaye kuuelewa ugomvi huu bila kumfahamu. Kitabu chake cha kufundishia tahajia kilitoka mwaka 1783, mwaka ule ule Uingereza ilipotia saini kukubali uhuru wa Marekani, na kikauzwa nakala mamilioni kwa mamilioni. Mwaka 1789 aliandika waziwazi kwamba taifa huru linastahili mfumo wake katika lugha kama lilivyo nao katika serikali. Akaongeza hoja ya biashara: tahajia ikitofautiana, vitabu vya Marekani vitachapwa Marekani. Katika kamusi zake, ndogo ya 1806 na kubwa ya 1828, alishika "color", "center" na "music", maumbo ambayo mengi yalikuwapo tayari akayachagua kwa makusudi. Alipotaka kubuni zaidi alishindwa. Alipendekeza "tung" badala ya "tongue" na "wimmen" badala ya "women", na Wamarekani wakayakataa yote mawili. Zaidi ya miaka mia moja baada ya hoja yake ile, mwaka 1906, Rais Theodore Roosevelt aliamuru mpiga chapa wa serikali atumie orodha ya maneno 300 yenye tahajia iliyorahisishwa. Bunge likaja juu, na kabla ya mwaka kwisha rais akarudi nyuma. Ikiwa rais wa nchi hakuweza kuwalazimisha watu wake waandike "thru", mchangiaji mmoja mtandaoni hatafanikiwa kuwarudisha kwenye "through".

Upande wa sarufi, mfano ninaoupenda kuliko yote ni "gotten". Mtu akiandika "I have gotten" anaambiwa ameharibu lugha kwa kuiga sinema za Marekani. Sasa fungua Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyochapwa London mwaka 1611, kitabu cha Mwanzo 4:1. Hawa amemzaa Kaini, na pale ambapo Biblia yetu inasema "nimepata mtoto mwanamume", Kiingereza kinasema "I have gotten a man from the LORD". Neno hilo lilivuka bahari pamoja na walowezi. Waingereza wakaliacha polepole, Wamarekani wakabaki nalo, tena wakalipa kazi maalumu: kwao "I've got a car" ni kuwa na gari, na "I've gotten a car" ni kulipata. Kiingereza cha Uingereza kilipoteza tofauti hiyo ndogo. "Fall" kwa maana ya majira ya vuli lina historia inayofanana, na "soccer", neno linalowaudhi Waingereza wengi, lilizaliwa Uingereza miongoni mwa wanafunzi kwa kufupisha "association". Ila tusigeuze kibao tukasema Wamarekani ndio wenye lugha ya kale. Kila upande umehifadhi mambo fulani na kuyaacha mengine.

Pengine hakuna upande wa kulaumiwa kabisa. Humphry Davy, mwanakemia wa Uingereza, aliita madini mapya "alumium" mwaka 1808, kisha mwaka 1812 akaandika "aluminum". Mwaka huo huo wenzake nchini Uingereza walitaka "aluminium" ili lifanane na majina kama "sodium". Marekani ikaishia kwenye chaguo la Davy mwenyewe, Uingereza kwenye la wakosoaji wake. Chama cha kimataifa cha wanakemia kilipitisha "aluminium" mwaka 1990, na miaka mitatu baadaye kikakubali "aluminum" kama umbo la pili. Mwaka 1990 huo huo kilipitisha "sulfur" kwa f, na wanakemia wa Uingereza wakafuata, huku mashuleni kwetu "sulphur" likiendelea kutawala vitabu. Canada wanaandika "colour" na "centre" lakini tairi la gari ni "tire". Australia wanaandika "labour" katika sentensi za kawaida, ila Chama chao cha Labor kimeandikwa bila u tangu 1912.

Aina ya pili ya ugomvi ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu humo mtu asiye na kosa huadhibiwa kwa jina la sheria isiyokuwapo. Chukua kanuni kwamba sentensi isiishie kwa kihusishi, yaani neno kama "with" au "to". Mshairi John Dryden alililalamikia jambo hilo mwaka 1672, akimkosoa mtunzi aliyekwisha kufa. Askofu Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi cha 1762, alisema tu kwamba mtindo mwingine unapendeza zaidi katika maandishi mazito, na alikiri kwamba Kiingereza kina mwelekeo huo kwa asili. Vitabu vya shule vilivyomfuata vikageuza ushauri kuwa amri.

"Less" na "fewer" ni vivyo hivyo: tunaambiwa vitu vinavyohesabika visitumiwe "less", vitumiwe "fewer". Mwaka 1770 Robert Baker aliandika kwamba kwa maoni yake "no fewer than a hundred" inapendeza kuliko "no less than a hundred". Yalikuwa maoni yake, na aliyaeleza kama maoni. Mfalme Alfred alikuwa ametumia "less" kwa vitu vinavyohesabika katika karne ya tisa. Leo mtu anayeandika "less people" anaitwa mjinga na watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Baker.

"They" kwa mtu mmoja nalo limo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Wanasarufi wa karne ya 18 ndio waliosisitiza "he" itumike kwa mtu yeyote asiyejulikana jinsi yake, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha kwamba katika sheria "he" imbebe na mwanamke. Kamusi ya Merriam-Webster ilipoliteua "they" kuwa neno la mwaka 2019, wengi walidhani ni uzushi wa vijana.

Aina ya tatu ipo, na sitaki msomaji aondoke akidhani kila kitu kinaruhusiwa. Kuandika "your" ukimaanisha "you're" ni kosa London, Chicago na Nairobi. Kutia ritifaa kwenye "its" ya umiliki ni kosa pia, ingawa katika karne ya 17 na ya 18 watu wengi wasomi waliandika "it's" kwa maana hiyo. Matumizi yalitulia, na yakishatulia pande zote, anayeyavunja anampa msomaji kazi ya bure. Makosa haya yanasahihishika kwa sentensi moja ya upole. Anayeyasahihisha kwa kejeli mbele ya watu mia mbili anatafuta jambo jingine.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Julie Boland na Robin Queen, walichapisha mwaka 2016 utafiti unaogusa jambo hilo. Waliwapa watu 83 barua pepe za kujibu tangazo la kutafuta mwenza wa kukaa naye nyumba moja. Baadhi ya barua zilikuwa safi, nyingine zilikuwa na makosa ya kuchapa, nyingine zilikuwa na makosa ya aina ya "your" na "you're". Kisha wakapima haiba za wasomaji. Watu wagumu kupatana na wengine waliwahukumu waandishi wenye makosa ya sarufi kwa ukali zaidi kuliko watu wapole. Wachangamfu waliyapuuza makosa ambayo wakimya waliyahesabu. Ukali wa hukumu, kwa hiyo, haukutegemea barua peke yake. Ulitegemea pia tabia ya aliyekuwa akiisoma.

Kwetu Afrika Mashariki ugomvi una sura yake. Shule zetu zilirithi tahajia ya Uingereza kutoka ukoloni, mitihani yetu inaandikwa hivyo, lakini kompyuta na simu nyingi zinakuja zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani. Mwanafunzi anaandika "colour" kama alivyofundishwa, kompyuta inapiga mstari mwekundu. Anabadilisha. Ukurasa unaofuata anaandika "behaviour", safari hii mstari hauoni, na insha inaisha ikiwa na nchi mbili ndani yake. Mwalimu anayeisahihisha atamsaidia zaidi kwa kumwonyesha mchanganyiko huo, na kumwelekeza mahali pa kubadilisha lugha ya programu iwe Kiingereza cha Uingereza, kuliko kumwambia kwamba "color" si neno.

Wikipedia ya Kiingereza ilipata suluhisho baada ya kuumia. Makala kuhusu mtindi ilihamishwa jina kutoka "yogurt" kwenda "yoghurt" mwaka 2003, na watu wakabishania hiyo h mpaka 2011, makala iliporudishwa kwenye "yogurt". Kanuni yao siku hizi ni kwamba mada yenye uhusiano wa karibu na nchi fulani hufuata Kiingereza cha nchi hiyo, na nyingine zote hubaki na tahajia iliyoanza nazo. Ningependa kila chumba cha habari cha Nairobi na Dar es Salaam kinachotoa habari kwa Kiingereza kiandike kanuni ya namna hiyo kwenye karatasi moja. Wahariri wangeokoa saa nyingi.

Yapo mahali ambapo alama moja ya uandishi inastahili kugombaniwa mpaka mahakamani. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilikuwa imewaondolea haki hiyo watu wanaofanya kazi zilizoorodheshwa kuhusu vyakula: kutia makoponi, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kutafutia soko, kuweka ghalani, "packing for shipment or distribution". Soma kipande hicho cha mwisho kwa Kiswahili: kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Je, kusambaza ni kazi nyingine inayojitegemea, au ni sababu ya pili ya kufungasha? Madereva walisambaza, hawakufungasha chochote. Kama kungekuwa na mkato baada ya "shipment", dai lao lingekuwa gumu mno. Mkato haukuwapo, maana mwongozo wa kuandika sheria za Maine ulikuwa unawataka waandishi wasiuweke mkato wa mwisho kwenye orodha.

Mkato huo unaitwa wa Oxford, ingawa magazeti mengi ya Uingereza hayautumii na wachapishaji wengi wa vitabu wa Marekani wanautumia, kwa hiyo hata hapa bendera za nchi hazisaidii. Mahakama ya kwanza iliipa ushindi kampuni. Mwezi Machi 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Boston ikaamua kwamba sentensi ina utata, na kwa kuwa sheria za kazi za Maine zinataka utata utafsiriwe kwa kumfaa mfanyakazi, madereva wakaruhusiwa kuendelea na dai lao. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Madereva walikuwa wametoa pia hoja ya sarufi: kazi zote kwenye orodha zinaishia kwa -ing, lakini "shipment" na "distribution" haziishii hivyo, kwa hiyo hayo mawili ni jozi. Bunge la Maine likaiandika upya orodha ile, likatenganisha kila kazi na nyingine kwa alama ya nukta-mkato (;), na "distribution" likawa "distributing".